Ardhi ya mji ni amana: Tupunguze sumu ya magugu

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake.

Ndugu Waislamu, leo tunakusudia kuzungumzia jambo ambalo wengi hulipita bila kulitupia jicho. Nalo ni dawa za kuulia magugu na wadudu zinazonyunyizwa katika ardhi ya miji: kandokando ya barabara, bustanini, katika viwanja vya watoto na hata makaburini.

Uislamu haukukataza kupambana na viumbe vyenye kudhuru. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ameruhusu kuuawa panya, nge, kunguru, mwewe na mbwa mkali, hata na aliye katika ihramu. Lakini maimamu hao hao wamepokea kisa cha Nabii aliyeumwa na chungu mmoja, akaamuru makazi yote ya chungu yachomwe moto. Mola wake akamlaumu kwa kuangamiza umma mzima unaomsabihi kwa kosa la mmoja. Hapo ndipo ilipo mizani: mwenye kudhuru azuiliwe, wala adhabu isiwaenee wasiohusika.

Sumu haina mizani hiyo. Upepo huipeperusha, mvua huisomba hadi mitaroni, na wa kwanza kuivuta ni kibarua aliyebeba bomba mgongoni, mara nyingi bila glovu wala barakoa. Mwaka 2015, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiweka glaifoseti, dawa ya magugu inayotumika sana duniani, katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka nyingine, ikiwemo ya mazingira ya Marekani, hazikukubaliana na kauli hiyo. Wataalamu wakikhitilafiana, sisi tunayo kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana, na nyingine isemayo kuwa kuzuia madhara hutangulizwa kabla ya kutafuta manufaa. Na manufaa yenyewe hapa ni yapi? Ni uwanja kupendeza macho!

Wapo waliokwisha kuchukua hatua. Mji wa San Francisco, Marekani, ulipitisha sheria mwaka 1996 ya kupunguza sumu katika ardhi yake. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2014, na tangu Januari 1, 2017 halmashauri za huko zimezuiwa kutumia dawa za viwandani katika bustani na njia za umma. Mwaka 2022 katazo hilo likafika makaburini.

Hata kwetu mfano upo. Mpango wa kudhibiti malaria jijini Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2004, uliwatumia wakazi wa mitaa kukagua madimbwi na kuua viluwiluwi vya mbu kwa dawa itokanayo na bakteria. Huo ndio mwendo ambao wataalamu huuita udhibiti husishi wa visumbufu: kwanza kukagua na kumjua adui, kisha kumwondolea makazi na chakula, kisha jembe, fyekeo na matandazo. Sumu huwa ya mwisho, kwa kiasi na mahali maalumu, baada ya watu kutangaziwa.

Tuyatazame makaburi yetu. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alipasua kuti bichi na kulichomeka juu ya makaburi mawili, akitaraji waliomo wapunguziwe adhabu maadamu halijakauka. Kwa sababu hiyo, baadhi ya wanavyuoni wamechukia kung'olewa mimea mibichi makaburini bila ya haja. Basi vipi tumwage sumu inayokausha kila kijani juu ya wazee wetu? Magugu yakizidi, vijana wa msikiti na washike mafyekeo. Ni kazi ya asubuhi moja, nayo ina thawabu.

Enyi madiwani na watendaji, kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Ulizeni ni dawa gani inanunuliwa, nani anainyunyiza, na amekingwa kwa kitu gani. Kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Basi tusiondoe jani tukaacha sumu mahali pake.

Wabillahi Tawfiq.