Breki Kwanza, Injini Baadaye

Mtu anayetaka kufunga injini kwenye baiskeli yake huanza kwa kuulizia bei ya injini. Hapo ndipo anapokosea. Baiskeli ya kukanyaga hutembea kilomita 20 hivi kwa saa. Ukiifikisha 40, umbali inaohitaji kusimama kwa breki zilezile huongezeka mara nne, si mara mbili.

Basi panga hivi: kwanza fremu imara ya chuma, maana mtetemo wa injini hupasua iliyo dhaifu; pili, magurudumu yenye spoku nene; tatu, breki za diski au za ngoma, mbele na nyuma. Fedha ikibaki, nunua injini, hata iwe ndogo.

Injini ikizimika, utakanyaga hadi nyumbani. Breki zikikataa mteremkoni, utakanyaga nini?