Tiba ya Uraibu Isingoje Shamba Liuzwe

Mwenyekiti wa kijiji anapoletewa hati ya mauziano ya ardhi ili aitie sahihi, mara nyingi sababu ya mauzo hutajwa waziwazi: karo ya shule, matibabu ya mzee, au deni. Lakini ipo sababu moja ambayo wauzaji huificha hata mbele ya mwenyekiti. Kijana wa nyumba hiyo amezama katika waragi, au ameanza kutumia heroini mjini, na wazee wamekata shauri kuuza kipande cha shamba ili apelekwe katika nyumba ya binafsi ya matibabu.

Hakuna mtu mwenye haki ya kuwalaumu wazazi hao. Mtoto ni bora kuliko ardhi. Hata hivyo yafaa tujiulize swali moja: je, fedha za shamba lile zinanunua nini hasa? Katika nyumba nyingi zinanunua miezi miwili au mitatu ya kulala, kula na kushauriwa. Kijana hurudi akiwa amenenepa na uso umenawiri, na jamaa hufurahi. Baada ya majuma machache hukutana na wenzake wa zamani, na chupa hurudi. Hapo ndipo familia hugundua kwamba ugonjwa ungalipo, na shamba halipo.

Chanzo cha msiba huu ni kutoelewa ugonjwa wenyewe. Uraibu si homa itibiwayo kwa dozi moja. Ni maradhi ya muda mrefu, yanayofanana na kisukari au shinikizo la damu. Kileo na dawa za kulevya hubadili namna ubongo unavyofanya kazi, hata mtu akatamani kile kile kinachomwangamiza. Mabadiliko hayo hayaondoki mwilini siku kileo kinapoondoka. Kwa hiyo wagonjwa wengi huanguka tena, na kuanguka huko si dalili kwamba tiba imeshindwa kabisa. Ni dalili kwamba tiba ilikoma mapema. Mwenye fedha kidogo asitafute mahali pa kumlaza mgonjwa kwa fahari. Atafute tiba ambayo ataweza kuimudu kwa mwaka mzima na zaidi.

Tiba hiyo inaanzia wapi? Inaanzia katika kituo cha afya cha Serikali kilicho karibu. Mwaka 2001 Serikali ya Uganda ilifuta ada za matibabu katika hospitali na vituo vyake, isipokuwa katika wodi za kulipia. Wengi wanajua kwamba amri hiyo yahusu malaria na kujifungua, lakini hawafikirii kwamba yamhusu na mlevi pia. Yamhusu. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya magonjwa ya akili, na vitengo hivyo hupokea wagonjwa wa kileo na dawa za kulevya. Juu yake iko Hospitali ya Taifa ya Butabika, jijini Kampala kando ya Ziwa Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1955 na ambayo ina kitengo mahususi cha ugonjwa huu. Jina la Butabika limekuwa tusi midomoni mwa watu, na aibu hiyo ndiyo inayowasukuma wengi kuuza mali ili wakwepe mahali ambapo wangepokewa bila ada. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Mgonjwa akifika kituoni, mhudumu ataanza kwa maswali. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 1989 orodha ya maswali 10 ya kupima unywaji wa hatari, na jirani zetu wa Kenya walikuwa miongoni mwa nchi sita ambamo maswali hayo yalijaribiwa kabla hayajatolewa. Hayahitaji mashine wala maabara. Huuliza mtu hunywa mara ngapi, hunywa kiasi gani, kama hushindwa kuacha akishaanza, kama asubuhi huhitaji kinywaji ili aweze kusimama. Majibu humwonyesha mhudumu kama ushauri utatosha au kama mgonjwa apelekwe mbele.

Hapa, ndugu msikilizaji, pana onyo ambalo halina budi kusemwa kwa uzito. Mtu aliyekunywa pombe nyingi kila siku kwa muda mrefu asifungiwe chumbani na jamaa zake ili aache kwa nguvu. Kutetemeka na kutokwa jasho huweza kuanza saa chache baada ya kinywaji cha mwisho. Katika siku mbili za kwanza anaweza kupatwa na degedege. Siku ya pili mpaka ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwapo, na hata kufa. Dawa za kumvusha katika siku hizo, kama vile diazepamu na vitamini B1, si za gharama kubwa, lakini sharti zitolewe na mganga anayejua kipimo. Kazi hiyo kwa kawaida huchukua siku chache tu, yapata juma moja. Ikiwa familia ina fedha kidogo sana, basi siku hizi ndizo zisizofaa kufanyiwa ubahili.

Heroini ina njia yake tofauti. Kuiacha ghafula huumiza mno, ingawa ni nadra kuua. Hatari kubwa iko mbele: mtu aliyekaa miezi mitatu bila kuitumia mwili wake umesahau kuistahimili, na akirudia kipimo chake cha zamani anaweza kuacha kupumua. Hii ndiyo maana kumfungia kijana kisha kumwachilia bila tiba ya kuendelea kunaweza kumweka katika hatari kuliko awali. Tiba iliyothibitika ni methadoni, dawa ya maji inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu, ambayo huondoa maumivu na uchu bila kumlewesha mgonjwa aliyezoea kipimo chake. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2005.

Katika jambo hili jirani zetu wametutangulia, na si aibu kujifunza kwao. Tanzania ilianza kutoa methadoni katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, kisha ikaipeleka Mwananyamala na mahali pengine. Kenya ilifuata mwishoni mwa mwaka 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, na baadaye huko pwani. Uganda ilianza Butabika mwaka 2020. Katika nchi zote tatu dawa hii ilitolewa bila malipo. Hata hivyo jambo moja lilionekana kila mahali: dawa ni bure, lakini njia si bure. Mgonjwa anayepaswa kufika kliniki kila siku hulipa nauli kila siku, na nauli ndiyo inayowaangusha wengi.

Basi tuchukue mfano wa mama mjane mwenye mtoto mmoja mgonjwa na shamba moja dogo. Asiliuze shamba. Kwanza ampeleke mtoto kituoni, apate barua ya rufaa. Kisha akae na ndugu zake wapige hesabu ya mambo ambayo hospitali ya Serikali haitayalipa: nauli ya mgonjwa na ya mtu wa kumwuguza, chakula cha siku za kulazwa, na akiba ya kununua dawa endapo zimekwisha hospitalini. Baada ya hapo waweke fungu la miezi kumi na miwili la nauli za kurudi kwa mshauri. Fungu hilo laweza kuchangwa kidogo kidogo kwa zamu, mjomba mwezi huu na shangazi mwezi ujao, au kukopwa katika chama cha akiba na mikopo. Bandu bandu huisha gogo.

Iwapo familia bado inapendelea nyumba ya binafsi, iulize kabla ya kulipa hata shilingi moja. Je, nyumba ina kibali? Yuko daktari au muuguzi usiku? Ada inajumuisha dawa na chakula, au vitadaiwa mbali? Jamaa wanaruhusiwa kumtembelea mgonjwa? Baada ya kutoka, nani atamfuatilia, na kwa muda gani? Mahali wanapofunga watu minyororo, wanapopiga, au wanapoahidi uponyaji kamili kwa siku maalumu, ondokeni. Maombi ni faraja kwa mwenye imani, lakini hayazuii kumeza dawa, na mchungaji au shehe mwema hatamkataza mgonjwa kwenda hospitali.

Uko pia msaada usio na ada kabisa, nao ni wa wagonjwa kwa wagonjwa. Chama cha walevi wanaosaidiana bila kutajana majina kilianzishwa Marekani mwaka 1935, na mikutano yake imefika katika miji ya Afrika Mashariki. Hakuna kiingilio. Sharti pekee ni nia ya kuacha kunywa. Mtu aliyeacha kunywa miaka mitano humweleza aliyeacha jana jinsi ya kuupitisha usiku wa leo, na maneno yake yana uzito ambao mshauri aliyesoma vitabuni hawezi kuwa nao. Hata kijijini, watu wawili au watatu walioacha waragi wanaweza kukutana chini ya mwembe kila Jumamosi, saa ile ile ambayo zamani walikuwa kilabuni.

Mwisho, lisemwe na lile linalozihusu serikali zetu. Mwezi wa Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake kwa nchi za nje, na huduma nyingi za methadoni katika kanda yetu zilikuwa zimejengwa kwa msaada huo. Anayekwenda kutafuta tiba na aulize kwanza huduma ipo siku gani. Na wanaopanga bajeti wakumbuke kwamba maisha ya raia hayafai kutegemea mfuko wa mtu mwingine. Diazepamu katika kituo cha afya, mhudumu aliyefundishwa kuuliza maswali kumi, na nauli ya maskini si mambo makubwa kuliko uwezo wa taifa.

Ndugu msikilizaji, kama katika nyumba yako yuko mgonjwa wa namna hii, kesho asubuhi usimtafute mnunuzi wa shamba. Mtafute mhudumu wa afya wa kijiji chako. Shamba libaki, ili kijana akipona apate mahali pa kushika jembe.