Kulowa na Kunywa katika Elimu ya Miamba

Mtu atakaye kueleza kwa Kiswahili jinsi maji na mafuta yashikavyo mwamba hukimbilia kitenzi kulowa. Kitenzi hicho ni chema, lakini peke yake chaweza kumpoteza, na mwamba uitwao sheli waonyesha sababu.

Sheli ni tope la kale lililogandamana tabaka kwa tabaka. Ndani yake mna udongo wa mfinyanzi na kwatsi, ambavyo huvuta maji. Tena mna kerojeni, yaani masalio ya viumbe vya kale, ambayo huvuta mafuta. Vitundu vyake vingi havifiki sehemu moja ya mia tano ya unene wa unywele.

Kulowa hupimwa kwa pembe ambayo tone hufanya na uso linapoukalia, na msingi wa kipimo hicho aliuweka Mwingereza Thomas Young mwaka 1805. Kwa maji, pembe ikiwa chini ya nyuzi 90 uso walowa. Ikizidi, tone hujikunja kama maji juu ya jani la mgimbi. Chumvi iliyomo majini, joto, ukwaruzo wa uso na dawa za jamii ya sabuni huigeuza pembe hiyo.

Sasa tutazame sheli ya bonde la Horn River, Kanada, iliyojaribiwa na wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Alberta, matokeo yakatolewa 2012 na 2013. Juu ya uso mafuta yalitandaa kabisa, ilhali tone la maji halikutandaa hivyo. Kwa pembe, basi, mwamba ule ni wa mafuta. Lakini vipande vilipozamishwa, vilinywa maji mengi kuliko mafuta, na vingine vikafanya nyufa, kwani udongo wa mfinyanzi huvimba upatapo maji. Si jambo dogo: katika kupasua sheli chini ya ardhi, maji mengi yashindiliwayo hayarudi juu.

Afadhali tuseme kutandaa kwa habari ya uso, na kunywa kwa habari ya ndani. Mkulima naye husema ardhi imekunywa mvua. Kuloweka ni tendo la mtu, tuliache. Ama jina la sifa yenyewe, wengine watataka ulowevu. Lakini hiyo ni hali ya kitu kilichokwisha lowa, nasi twataka wepesi wa kulowa. Mimi naona ulowaji wafaa zaidi.