Gari la Kupelekea Mzigo Linawaka Leo, Kesho Linagoma: Pima Kwanza Kabla Hujanunua Betri

Leo siongelei picha za bidhaa wala yule mteja anayeuliza bei halafu anapotea. Naongelea gari. Najua wengi humu mnatumia bodaboda, lakini ukishaanza kuuza vyombo, mapazia au keki kubwa, ipo siku utanunua kigari cha mkononi ili uache kulipia usafiri wa watu. Na kigari cha mkononi kina siku zake.

Changu kilianza hivi. Asubuhi kinawaka mara moja. Nashusha mzigo Sinza, kinawaka. Nashusha Mwenge, kinawaka. Nikifika kituo cha tatu au cha nne nazungusha ufunguo: tak. Mlio mmoja, basi. Nakaa dakika ishirini najipepea, nikijaribu tena kinawaka kama hakijawahi kuumwa. Nikakipeleka kwa fundi, kwake kikawaka mara kumi mfululizo, mpaka nikaonekana muongo. Fundi akafungua boneti, akaitazama betri kwa macho tu, akasema, "Dada yangu, hiyo betri imeisha, weka nyingine." Nikaweka, 190,000. Hela yenyewe ilikuwa ya mzigo wa Kariakoo wa wiki ile.

Wiki mbili raha. Wiki ya tatu nipo njiani kwenda Tegeta na seti za sufuria za kicheni pati ya saa kumi, mteja kashalipa nusu. Nikasimama kidogo kununua maji. Tak. Nikatafuta boda mbili, mzigo ukafika saa kumi na mbili na nusu, na mama wa bibi harusi akaukataa. Sikumlaumu. Nikarudisha hela yote, boda nikawalipa mimi, na yule mteja hajanunua kwangu tena. Muda wote huo betri ilikuwa mpya kabisa.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja jirani, aliendesha malori miaka mingi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba mwanangu, gari linasemaje leo?" Nilipomweleza akaniuliza maswali ambayo fundi hakuniuliza. Likigoma linakuwa la moto au la baridi? Unasikia mlio mmoja, au ta-ta-ta-ta, au kimya? Taa za dashibodi zinafifia au zinabaki vilevile? Sikuwa na jibu la uhakika hata moja. Akaniambia, "Mauzo yako si unaandika kwenye daftari? Na hili liandike."

Kazi inaanzia hapo. Tatizo la kuja na kuondoka huwezi kulikamata kwa kubahatisha, kwa sababu ukifika gereji linakuwa halipo. Kila likigoma andika saa, umetembea kiasi gani, umesikia nini, taa zimefanyaje, na kilichofanya liwake tena. Mimi baada ya kugoma mara nne tu nilikuwa na picha: linagoma likiwa la moto, mlio ni mmoja, taa hazififii hata kidogo.

Sasa hiyo milio ina maana gani? Ukizungusha ufunguo, umeme mdogo unapita kwenye swichi na rilei, unaenda kuamsha swichi kubwa iliyo juu ya stata. Hiyo swichi kubwa ikishika ndiyo inaruhusu umeme mwingi wa betri uingie kwenye stata na kuzungusha injini. Halafu umeme huo lazima urudi betri kupitia waya wa hasi, wengi wanauita waya wa ethi. Njia ya kwenda na njia ya kurudi. Watu wengi wanaikumbuka ya kwenda tu.

Kwa hiyo ukisikia ta-ta-ta-ta ya haraka na taa zinafifia, umeme wa betri hautoshi, au vichwa vya betri vimelegea au vina uchafu. Ukisikia tak moja nzito na taa hazitikisiki, swichi kubwa imejaribu lakini umeme mwingi haujafika kwenye stata au haujarudi: waya mbovu, ethi mbovu, au vipande vya shaba ndani ya ile swichi ya stata vimelika. Hivyo vipande vinalika sana kwenye magari yaliyotumika miaka mingi, na mara nyingi fundi anabadilisha hivyo peke yake bila kununua stata nzima, usikubali haraka kuuziwa stata. Kimya kabisa huku taa zinawaka vizuri, angalia upande wa ufunguo: rilei, fyuzi, au ile swichi inayozuia gari la otomatiki lisiwake likiwa kwenye gia. Jaribu kuwasha kwenye N badala ya P. Likiwaka kwenye N tu, umeshampunguzia fundi nusu ya kazi. Na kama stata inazungusha kwa nguvu ila injini haishiki, hilo ni suala la mafuta au plagi, acha betri ya watu.

Kifaa cha kununua ni kimoja, mita ya umeme ya mkononi. Ya kawaida yenye namba inatosha. Ni bei ndogo kuliko boda nilizolipa siku ile ya Tegeta.

Kabla hujagusa: simamisha gari sehemu tambarare, handbreki juu, gia kwenye P au fri. Vua bangili na pete, kwa sababu chuma kikigusa ncha mbili za betri kinawaka moto mkononi kwako. Usivute sigara hapo wala usimruhusu kijana wa boda avute, betri inatoa gesi inayolipuka. Na ukitaka kufungua betri anza na waya wa hasi, kuurudisha uwe wa mwisho.

Kipimo cha kwanza. Gari limelala usiku kucha, hujaliwasha. Weka mita kwenye volti za DC, waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. 12.6 betri imejaa. 12.4 si mbaya. 12.2 imebaki kama nusu. Chini ya 12 hiyo ni njaa, ichajiwe kwanza ndipo ulaumu kitu kingine.

Cha pili, mtu azungushe ufunguo huku unatazama mita. Ikishuka kidogo ni kawaida, lakini ikienda chini ya 9.6 wakati asubuhi ilisoma 12.6, hapo kweli betri imechoka.

Cha tatu, injini ikiwa inaunguruma. Mita isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikibaki 12 na pointi na inazidi kushuka, jenereta ya gari haichaji, na hata ukinunua betri tatu zote zitakufa. Magari mapya zaidi yana kompyuta inayopandisha na kushusha chaji yenyewe, kwa hiyo usishtuke namba ikicheza kidogo.

Yangu ilisoma 12.6, ikashuka mpaka 10.8 kwenye kuwasha, ikachaji 13.3. Betri nzima, chaji iko chini kidogo. Mzee akaniambia nipime na njia ya kurudi.

Kipimo hiki ndicho sikuwahi kukisikia kwa mtu, na ndicho kilichoniokoa. Waya mweusi wa mita unaugusisha kwenye ncha hasi ya betri yenyewe, siyo kwenye kile kishikio cha waya. Mwekundu unaugusisha kwenye chuma kisafi cha injini. Mtu anazungusha ufunguo. Kama njia ni nzuri mita itasoma karibu na sifuri, 0.2 au 0.3 mwisho. Maana yake hakuna umeme unaopotea njiani. Gari likiwa baridi langu lilisoma 0.7. Nikazunguka nalo nusu saa mpaka likawa la moto, nikazima, mdogo wangu akazungusha ufunguo, tak, na mita ikaruka ikapita 3. Volti tatu nzima zinaishia kwenye waya! Stata ingezunguka na nini?

Tukaufuata ule waya wa hasi. Unagawanyika mara mbili, mmoja unafungwa kwenye bodi, mwingine unashuka mpaka kwenye gia boksi. Wa bodi ulikuwa mzima, ndiyo maana taa hazikufifia. Wa gia boksi bolti ilikuwa imelegea na chini yake kuna unga wa kijani na kutu. Likipata joto linazidi kushika vibaya, likipoa linashika tena. Na yule fundi alipoweka betri mpya aliutikisa waya bila kujua, ukashika wiki mbili. Nikadhani betri ndiyo imetibu.

Matibabu: tulifungua ule waya, tukasugua kichwa chake na sehemu kinapokaa kwa msasa mpaka chuma king'ae, tukakaza, tukapaka grisi juu yake. Msasa ulikuwa wa mia tano. Nilipopima tena, 0.1. Chaji nayo ikapanda 14.1, kwa sababu na jenereta ilikuwa inapitia njia ileile mbovu.

Ukikuta unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri, magadi kidogo ya kupikia kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, fungua waya, sugua na mswaki wa zamani, suuza, kausha, kaza. Usiyaache maji hayo yaingie ndani ya betri. Na kishikio kikizunguka kwa mkono baada ya kukaza, bado hujakaza.

Kuna tatizo la aina nyingine, gari linaloamka limekufa baada ya kukaa. Rafiki yangu anauza sharubati, Jumapili hatoki. Jumatatu asubuhi kila wiki anatafuta wa kumbusti. Chaji yake iko sawa, betri ikichajiwa inashika. Hapo kuna kitu kinakunywa umeme gari limezimwa. Toa ufunguo, funga milango, fungua waya wa hasi, weka mita kwenye ampea, ile tundu ya 10A, iunge katikati ya waya na ncha ya betri. Subiri kama nusu saa kompyuta za gari zilale. Isizidi 0.05. Usiwashe gari wala kufungua swichi mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi ya mita au mita yenyewe. Kwake ilisoma 0.4. Piga hesabu: 0.4 mara saa 24 ni karibu ampea-saa 10 kwa siku, na betri yake ni ya 36. Kutoka Jumamosi jioni hadi Jumatatu asubuhi imekwenda kama 15, kwa betri yenye umri inatosha kabisa kuiua. Tukachomoa fyuzi moja moja huku tunatazama mita. Ilipodondoka ilikuwa fyuzi ya taa za ndani. Kreti za chupa zilikuwa zimepinda kile kiswichi cha mlango wa nyuma, taa ya buti inawaka usiku kucha ndani ya giza, hakuna anayeiona.

Na sisi wa kushusha mizigo tuna ugonjwa wetu. Tunawasha na kuzima mara kumi na tano kwa siku, umbali wenyewe dakika tano tano, kiyoyozi juu, simu mbili zinachajiwa. Betri inatoa kuliko inavyorudishiwa. Kama foleni ya oda iko karibukaribu, zipange upate angalau safari moja ndefu katikati.

Mambo ambayo nimekataa kufanyiwa tena. Kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma eti kupima jenereta: umeme unaweza kuruka ghafla ukaunguza kompyuta ya gari, na kompyuta siyo bei ya betri. Kuweka waya au karatasi ya sigara badala ya fyuzi: fyuzi ikikatika kuna sababu, ukiilazimisha kinachoungua ni nyaya, na mzigo wa mteja uko nyuma. Kugusisha bisibisi kwenye stata: gari likiwa kwenye gia litakukanyaga.

Vipimo vyote vikiwa sawa na bado linagoma, nenda kwa fundi umeme, lakini nenda na daftari. Mimi sasa hivi nikifika simwambii "gari haiwaki." Namwambia, "Fundi, likiwa la moto, mlio mmoja, betri 12.6, kuwasha 10.8, ethi 0.1. Anzia stata." Ukiona anacheka halafu anachukua spana ya betri, geuza gari.

Kama lako lina tabia hizi, niandikie chini ni gari gani, mlio gani, na namba za vipimo vitatu vya mwanzo. Bila namba nitakujibu kama yule fundi alivyonijibu mimi.