Usimvute majeruhi: mgongo huenda umevunjika

Garsen ni njia panda ya barabara za Malindi, Lamu na Garissa. Gari likipinduka mbali na mji, wa kwanza kufika huwa ni wapita njia. Haraka yao ya kuokoa huenda ikampoozesha mtu maisha yake yote.

Ndani ya pingili za mgongo hupita ugwe unaopeleka ujumbe wa ubongo mwilini. Pingili ikivunjika, ugwe huenda bado ni mzima. Majeruhi akivutwa na kukunjwa ndani ya pikapu, mfupa huweza kuukata. Ukikatika shingoni, mikono na miguu hupooza. Ukikatika kifuani au kiunoni, hupooza miguu. Hakuna dawa ya kuuunga.

Dalili zake ni maumivu ya shingo au mgongo, ganzi, na kushindwa kusogeza miguu. Aliyezirai mchukulie kuwa ameumia mgongo.

Je, ufanye nini? Usimsogeze, isipokuwa kuna moto, maji au anashindwa kupumua. Mmoja ashike kichwa kisitikisike. Wengine watatu au zaidi wamgeuze kwa pamoja kama gogo, kisha alazwe juu ya ubao ulionyooka. Hata mlango wafaa.

Hospitali ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo iko Nairobi, mamia ya kilomita kutoka Tana River. Aliyepooza ageuzwe kila baada ya saa mbili, kwani vidonda vya kulalia huua.

Nawe msafiri, funga mkanda.