Ghiliba ya Gunia

Huko Timboroa, juu kabisa ya njia itokayo Nakuru kwenda Eldoret, ambako reli iliyojengwa zama za Mwingereza hupanda zaidi ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, na ambako baridi huvifaa viazi kuliko inavyowafaa wanadamu, ipo ghiliba isiyojificha: mkulima hupunjwa mchana kweupe, mbele ya macho yake, na kwa ridhaa yake mwenyewe.

Mnunuzi afikapo shambani hutaja bei ya gunia, wala hataji kilo. Kisha gunia likijaa hushonewa mdomoni kipande cha gunia jingine au wavu wa kamba, viazi vikarundikwa humo hata mzigo ukatuna kichwa mfano wa mtu aliyevaa kilemba. Tanzania huiita lumbesa. Tuseme bei ni shilingi 2,000 kwa gunia la kilo 100, nalo limebebeshwa 150: mkulima ametoa kilo 50 bure, na katika stakabadhi, kama ipo, hapana hata herufi moja ya uwongo.

Sura ya 83 ya Qurani, al-Mutaffifin, huwalaumu wale ambao wakipokea hutaka kipimo kitimie, na wakitoa hupunguza. Na wazee wa pwani, waliouza nafaka kwa pishi na vibaba, walimchunga zaidi muuzaji. Lumbesa imegeuza kadhia hiyo, kwani hapa kipimo hakipungui bali kinafura, na mdhalimu ni yule anayelipa.

Sheria ya Kenya haikunyamaza. Kanuni za viazi za mwaka 2019, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazao ya 2013, ziliweka ukomo wa kilo 50 kwa gunia. Walakini ushuru mara nyingi hutozwa kwa gunia, hivyo kadiri gunia linavyofura ndivyo gharama ya mnunuzi inavyopungua kwa kila kilo. (Kuli, alipwaye kwa gunia naye, hupunjwa mgongoni.) Mkulima hana muhula: kiazi kikipigwa na jua hugeuka kijani na kufanya sumu, kikilala katika unyevu huoza. Kwa hiyo mimi naona ghala lingemfaa kuliko askari wa mizani. Mizani ya kutundika si ghali. Lakini mwenye lori huikataa, na jirani, ambaye viazi vyake vimekwisha kung'olewa, yu tayari kuuza bila hiyo.