Upande wa Kulia Si wa Kukaa

Ndugu msomaji, huenda huna gari. Lakini unapanda basi. Unaendesha baiskeli. Unavuka barabara kuu ukienda shamba au sokoni, na watoto wako wanaivuka wakienda shule. Kwa hiyo habari hii ya njia za magari inakuhusu wewe pia.

Mwezi uliopita nilipanda basi Morogoro kwenda Dar es Salaam. Nilipata kiti cha mbele, nyuma ya dereva. Kando yangu alikaa bibi mmoja. Alikuwa anakwenda kumwona mjukuu aliyezaliwa. Alikuwa amechukua kuku wawili na konda aliwaweka katika buti pamoja na mizigo.

Tulikwenda vizuri mpaka Chalinze. Pale Chalinze barabara ya kutoka Tanga na Arusha inaungana na ile ya kutoka Morogoro. Kuanzia hapo magari ni mengi sana. Malori mengi yana matela. Yanabeba mizigo ya bandarini kwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, na mengine yanarudi. Barabara ina njia mbili tu. Moja ya kwenda na moja ya kurudi. Katika habari hii, njia ni ule mkanda wa lami ulio kati ya mstari na mstari, ambao gari moja linapita.

Hapa kwetu Tanzania magari hushika kushoto. Kenya na Uganda ni hivyo hivyo. Rwanda, Burundi na Kongo hushika kulia. Dereva wa lori akivuka mpaka pale Rusumo kuingia Rwanda, lazima abadili upande.

Kushika kushoto maana yake ni hii. Kushoto ni pa kwenda. Kulia ni pa kupita aliye mbele yako. Ukishampita unarudi kushoto.

Katika barabara ya njia mbili, dereva hawezi kukaa kulia. Akikaa atakutana uso kwa uso na gari lingine. Lakini kupita kwenyewe kuna hatari. Basi letu lilifuata lori lenye tela kwa muda mrefu. Dereva wetu alichungulia kulia, akarudi. Akachungulia tena, akarudi. Abiria wa nyuma wakaanza kupiga kelele. "Dereva, lipite! Tutalala njiani?"

Tufanye hesabu kidogo. Lori lenye tela lina urefu wa mita 18 hivi. Tuseme linakwenda mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Basi linakwenda kilomita 80 kwa saa. Huo ndio mwendo wa mwisho ambao sheria inaruhusu basi kwenda. Ili basi litoke nyuma ya lori na kuingia mbele yake bila kulibana, linahitaji sekunde 11 hivi. Katika sekunde hizo basi linakwenda mita 240. Gari linalokuja mbele, nalo likiwa na mwendo wa kilomita 80, linakuja mita 240. Jumla ni mita 480. Huo ni urefu wa viwanja karibu vitano vya mpira. Kama dereva haoni barabara tupu ya urefu huo, asitoke. Pale penye mstari mweupe usiokatika asitoke kabisa, hata abiria wakipiga kelele namna gani.

Dereva wa lori alitaka kutusaidia. Akawasha taa yake ya kulia. Madereva wengi wa malori wana desturi hiyo. Taa ya kulia humwambia wa nyuma, "Usipite, gari linakuja." Taa ya kushoto humwambia, "Pita." Desturi hii ni ya wema, lakini mimi naiogopa. Taa ile ile ya kulia ni alama ya gari linalotaka kukata kulia. Anayejua desturi ataelewa moja, na asiyejua ataelewa lingine. Tena, anayepita kwa kuongozwa na taa ya mwenzake amepita kwa macho ya mtu mwingine.

BARABARA YA NJIA NANE

Tukafika Kibaha. Kutoka Kimara mpaka Kibaha ni kilomita 19 na kidogo. Zamani hapa palikuwa na njia mbili tu, na foleni yake ilijulikana nchi nzima. Mwaka 2018 jiwe la msingi la kuipanua liliwekwa, na sasa ni barabara ya njia nane. Magari yaendayo Dar es Salaam yana upande wao, na yatokayo huko yana upande wao. Hakuna tena kukutana uso kwa uso.

Nilidhani shida imekwisha. Haikuisha.

Mbele yetu lilikuwapo lori la mchanga. Lilikuwa linakwenda polepole, nalo lilikuwa njia ya kulia kabisa. Kushoto kwake palikuwa patupu. Dereva wetu akapiga honi. Akawasha taa kubwa na kuzizima. Akasogea karibu mno, hata nikaweza kusoma maandishi yote ya nyuma ya lori. Lori halikusogea.

Kwa nini dereva wa namna hii anakaa kulia? Nimewauliza madereva kadhaa. Wanasema kushoto ndiko daladala zinakosimama bila taarifa. Kushoto ndiko ziliko bodaboda, bajaji, mikokoteni na watu. Dereva anaona kulia hakuna wa kumsumbua, basi anahamia huko moja kwa moja. Wengi walijifunza gari katika barabara ya njia mbili, wala hakuna aliyewafundisha kwamba njia ya kulia ni ya kupitia tu.

Ajabu ni kwamba maneno yenyewe tunayasema kila siku. Watu wa Dar es Salaam huita mzunguko wa barabara kipilefti. Neno hilo lilitoka katika vibao vya Kiingereza vilivyosema "shika kushoto". Tumechukua jina tukaliweka kwenye mzunguko, na maana yake tumeiacha.

Sasa angalia jambo linalotokea. Aliye nyuma amezibiwa njia ya kulia. Amekwisha kukasirika. Anafanya nini? Anapita kushoto. Na wewe, mwananchi mwenye baiskeli, uko wapi? Uko kushoto.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Dereva wetu alikata kushoto kwa nguvu, akavuka njia mbili, akakanyaga mafuta. Pembeni kabisa alikuwapo kijana mwenye baiskeli yenye matenga mawili ya mananasi. Alisikia mlio wa basi nyuma yake mahali ambapo hakulitegemea. Akaitupa baiskeli, naye akarukia mtaroni. Mananasi yakatawanyika.

Basi halikusimama. Nilitazama nyuma kwa dirisha. Nilimwona kijana amesimama, ameshika kichwa.

Ndani ya basi watu walinyamaza. Kisha bibi akasema, "Mwanangu, mtoto wa watu umemwona?"

"Nimemwona, bibi," dereva akajibu. "Lakini mwenye kosa ni lile lori. Limekaa kulia kama limejenga."

"Lori lina kosa lake. Aliyepita juu ya yule mtoto ni lori au ni wewe?"

Dereva hakujibu. Bibi akamgeukia konda. "Na yale mananasi nani atamlipa?" Konda akatazama nje.

Mimi naona bibi alisema kweli. Lori lilikuwa na kosa, na sheria haimruhusu mwendo wa kinyonga kuziba njia ya kupitia. Lakini basi lingeweza kungoja. Kutoka pale mpaka Mbezi ni mwendo mfupi. Tungechelewa dakika ngapi? Tano? Gari la kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Hata gari dogo lenye breki nzuri, katika lami kavu, linahitaji mita 50 na zaidi kusimama. Basi lililojaa watu linahitaji zaidi ya hapo. Kijana yule asingeruka, breki zisingemsaidia.

KUVUKA NJIA NYINGI

Kuna jambo jingine ambalo watu wa vijiji vya barabarani wanapaswa kulijua. Barabara ya njia mbili ukiivuka, gari likisimama hatari hupungua. Barabara ya njia nyingi si hivyo. Unafika penye kivuko chenye mistari myeupe. Lori la njia ya kushoto linasimama kwa heshima. Unashukuru kwa mkono, unakimbia. Lakini lori lile ni refu, limekuficha. Gari la njia ya pili halikuoni, nawe hulioni. Watu wengi hugongwa hivyo, mbele ya gari lililowasimamia.

Basi usikimbie. Tembea mpaka ukingo wa lori lililosimama. Simama hapo. Chungulia njia inayofuata. Ukiona gari lake nalo limesimama, endelea, kisha fanya hivyo tena. Mtoto mdogo hawezi kuchungulia hivyo peke yake. Mshike mkono. Penye daraja la watu juu ya barabara, panda ngazi. Kenya, katika barabara kubwa ya Nairobi mpaka Thika iliyofunguliwa mwaka 2012, yalijengwa madaraja ya namna hiyo, na bado wako waliopita chini kwa kuona uvivu wa ngazi.

Turudi katika basi. Baada ya maneno ya bibi, dereva alishika kushoto. Tulipofika Kibamba tulikuta daladala kuukuu linajikokota. Kulia kwetu magari yalikuwa yanapita mfululizo. Dereva akapunguza mwendo, akalifuata. Kijana mmoja wa kiti cha nyuma akasema kwa sauti, "Leo tumepanda mkokoteni!" Wengine wakacheka. Dereva akasema, "Ngojeni." Kulia kulipokuwa wazi alitoka, akalipita, akarudi kushoto.

Tulishuka Mbezi saa kumi na nusu. Konda alimtolea bibi kuku wake. Wote wawili walikuwa wazima. Bibi akaenda mpaka dirisha la dereva.

"Unarudi lini, mwanangu?"

"Kesho asubuhi, bibi."

"Ukipita pale, simama. Muulize yule kijana ana hali gani."

Dereva akatoa noti mfukoni, akaitazama, akaikunja, akaiweka mfuko wa shati. "Nitasimama, bibi," akasema.